Ameng'atwa na mbwa: nani anatosheka na chanjo, nani anahitaji na seramu?

MhudumuNachingwea

Salaam wakuu. Naandaa somo la nusu saa kuhusu kichaa cha mbwa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa kata 3 hapa Nachingwea, na nataka lifanyike kabla korosho hazijaanza kudondoka. Kuanzia Oktoba watu wanahamia mashambani na watoto wao, mbwa wanazurura kutoka dungu hadi dungu, mbweha nao wanasogea. Mtu aking'atwa huko, zahanati iko mbali na hospitali iko mbali zaidi.

Nahitaji maelezo sahihi, yasiyo ya kubahatisha. Kwa nini majeruhi mmoja aambiwe chanjo inamtosha na mwenzake aambiwe anahitaji seramu pia? Ratiba na vipimo vikoje? Na kituo kisipokuwa na seramu, tumwambie nini mgonjwa? Pia nisaidieni namna ya kuieleza kinga ya kupewa na kinga ya kujitengenezea kwa lugha ambayo mama wa shambani ataipokea mara moja.

---

Muuguzi_PwaniKusini

Mkuu, umeuliza jambo linalookoa watu kabisa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, wagonjwa karibu wote hufa, lakini kabla ya dalili kinazuilika vizuri sana. Kila kitu kinategemea saa na siku za mwanzo.

Anza na jinsi kirusi kinavyosafiri. Kinaingia na mate ya mnyama kwenye jeraha, kinakaa pale kwenye msuli, kisha kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda taratibu hadi ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi 2 hadi 3, ila inaweza kuwa wiki moja tu au ikafika mwaka. Aliyeng'atwa usoni, kichwani au shingoni yuko karibu na ubongo, na vidole vya mikono vimejaa mishipa ya fahamu, kwa hiyo hao ndio wa kukimbizwa kwanza.

Ukimchoma chanjo leo, mwili wake unahitaji takriban siku 7 hadi 10 kabla haujatoa kingamwili za kutosha. Seramu, yaani imunoglobulini, ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa na mwili mwingine, wa mtu aliyechanjwa au wa farasi. Inafanya kazi palepale inapochomwa. Mimi ningewaambia akina mama hivi: chanjo ni kumpelekea mhunzi chuma akufulie panga lako mwenyewe, seramu ni panga la jirani unaloliazima wiki hiyo ambayo lako bado liko motoni. Na la kuazima halikai: baada ya wiki 3 hivi nusu ya kingamwili hizo imeshapotea mwilini. Ndiyo maana seramu peke yake bila chanjo haimfikishi mgonjwa popote.

Sasa madaraja, kama WHO inavyoyapanga. Daraja la I ni kumgusa au kumlisha mnyama, au kulambwa kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Huyo anaoshwa tu, hachomwi kitu. Daraja la II ni kuparuzwa kidogo au kung'atwang'atwa kwenye ngozi bila damu kutoka. Huyo anapata chanjo, basi. Daraja la III ni jino lililopenya ngozi au mkwaruzo wenye damu, hata kama ni mmoja. Kulambwa kwenye kidonda, machoni au mdomoni. Au popo kwa namna yoyote ya kugusana naye. Daraja hili ndilo la chanjo pamoja na seramu. Mwenye kinga dhaifu mno, kwa mfano anayeishi na VVU na hali yake haijatengemaa, anastahili seramu hata akiwa daraja la II.

Wahudumu wako wafundishe kutafuta damu. Kwenye ngozi nyeusi na jioni shambani, alama ndogo ya jino haionekani vizuri. Paka spiriti kidogo mahali hapo, ikiwasha sana ujue ngozi imepasuka.

Ratiba inayotumia dawa kidogo kuliko zote ni ya kuchoma ndani ya ngozi, iliyopendekezwa na WHO mwaka 2018: mililita 0.1 sehemu mbili (bega la kulia na la kushoto) siku ya 0, siku ya 3 na siku ya 7. Jumla mililita 0.6 kwa mtu mzima na kwa mtoto sawasawa. Kilo hazihusiki kwenye chanjo. Ya msulini inakula kichupa kizima kila safari: siku ya 0, 3, 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na 28. Vituo vinatofautiana, na baadhi bado vinafuata ratiba ya zamani ya ndani ya ngozi yenye dozi ya siku ya 28, kwa hiyo mgonjwa afuate tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yake na si alizosikia kwa jirani. Chanjo haichomwi kwenye tako: mafuta ya pale yanaifanya isifanye kazi vizuri. Watu wazima ni begani, watoto wadogo ni pajani kwa mbele pembeni.

Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa kama wengine. Mtu wa familia asije akamzuia mjamzito "kwa ajili ya mtoto". Kirusi ndicho cha kumwogopea mtoto.

---

Mfamasia_Masasi

Naongezea upande wa seramu, maana hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika.

Hesabu ni kwa kilo. Ya binadamu ni yuniti 20 kwa kila kilo, ya farasi ni yuniti 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15: 15 × 20 = yuniti 300. Kama kichupa kimeandikwa yuniti 150 kwa mililita, hiyo ni mililita 2. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji yuniti 1,200, sawa na mililita 8. Soma lebo kila mara, maana nguvu ya dawa kwa mililita inatofautiana kati ya watengenezaji. Siku hizi kuna pia kingamwili za aina moja zinazotengenezwa maabara, na moja kati ya hizo dozi yake ni yuniti 3.33 tu kwa kilo. Anayekariri "20" bila kusoma lebo ataharibu.

Mpime mgonjwa kwenye mizani. Usikisie. Dozi ikizidi inapunguza mwitikio wa chanjo, kwa sababu kingamwili nyingi za kuazima zinaidaka ile chanjo kabla mwili haujaitambua. Kwa sababu hiyohiyo seramu na chanjo havikai bomba moja, wala havichomwi mahali pamoja.

Inachomwa wapi? Ndani ya jeraha na kuzunguka kingo zake, kwa sindano nyembamba, baada ya kuosha. Kila jeraha, hata dogo. Mtoto mwenye majeraha 6 na mililita 2 tu za dawa? Unaichanganya na maji ya chumvi ya hospitali (nomo salaini) mpaka ujazo utoshe majeraha yote. Yuniti zinabaki zilezile, kinachoongezeka ni maji. Kwenye ncha ya kidole au ya pua choma taratibu na kidogo: ukilazimisha, shinikizo litabana damu na kidole kitaharibika.

Seramu ya farasi inaweza kuleta mzio mkali, ingawa za sasa zimesafishwa vizuri na jambo hilo ni nadra. Kipimo cha ngozi kabla ya kuchoma hakipendekezwi tena, kwani hakitabiri nani atapata mzio. Cha lazima ni adrenalini (dawa ya mzio mkali) iwe imeshawekwa mezani, na mgonjwa asiondoke mapema.

Majeraha haya hayashonwi haraka. Sindano ya kushonea inasukuma kirusi ndani zaidi. Kama uso umechanika mno na lazima washone, seramu inatangulia, wanasubiri saa kadhaa, kisha nyuzi chache zilizolegea. Na msisahau pepopunda na usaha: chanjo ya pepopunda na antibayotiki huamuliwa hapohapo.

---

KijanaWaTandahimba

Asanteni kwa shule hii. Mimi nilifundishwa kwamba seramu ikibaki baada ya kujaza jeraha, iliyobaki unamalizia pajani kwenye msuli ili dozi itimie. Mbona hamkuitaja?

---

Mfamasia_Masasi

Kaka, ulifundishwa sawa kwa wakati ule. Ndivyo miongozo ilivyokuwa ikisema. WHO iliacha pendekezo hilo mwaka 2018. Kingamwili zilizochomwa pajani zinafika kwenye jeraha la mkononi zikiwa kidogo sana, faida yake ni ndogo mno. Iliyobaki, kama imevutwa kwa usafi kwenye bomba lingine, inaweza kumsaidia mgonjwa mwingine siku hiyohiyo. Kwa mikoa yetu ambako kichupa cha seramu ni adimu, hilo ni jambo kubwa: unachoma kiasi ambacho majeraha yanapokea, bila kuvuka dozi ya kilo, na kinachobaki unakiokoa. Kwa jeraha dogo la mtu mzima unaweza kutumia mililita 1 au 2 badala ya 8.

Ipo hali moja ya kutofautisha: kama hakuna jeraha linaloonekana, mfano popo, au mate yameingia jichoni, namna ya kutumia seramu ni nyingine na anayeamua ni daktari.

---

Muuguzi_PwaniKusini

Nirudi kwenye swali lako la tatu, mkuu wa Nachingwea, maana ndilo litakaloulizwa sana. Kituo hakina seramu. Jibu: osha, anza chanjo leo, halafu mtafute seramu. Kusubiri seramu ndipo chanjo ianze ni kosa linaloua. Ikipatikana ndani ya siku 7 tangu dozi ya kwanza ya chanjo, achomwe. Baada ya hapo asichomwe tena, kwa sababu mwili umeshaanza kutoa kingamwili zake na za kuazima zitaingilia. Seramu ni mara moja tu.

Msiseme kwa namna itakayomfanya mgonjwa aone kwamba bila seramu hakuna matumaini. Kuosha vizuri na chanjo iliyoanza mapema na kukamilika huwalinda wengi sana hata seramu ikikosekana. Ikiwa vichupa ni vichache, waliong'atwa kichwani, shingoni na mikononi, wenye majeraha mengi au ya kina, wenye kinga dhaifu, na waliong'atwa na mnyama aliyethibitishwa kuwa na kichaa ndio wanaotangulia.

Lakini thamani ya seramu kwa jeraha baya isidharauliwe. Mwaka 1954 huko Iran mbwa mwitu mmoja mwenye kichaa alijeruhi watu 29 usiku mmoja. Kati ya waliojeruhiwa vibaya kichwani, 5 walipewa chanjo peke yake na 3 wakafa. 13 walipewa seramu pamoja na chanjo, akafa 1. Tangu hapo hakuna anayebishana tena juu ya hizi mbili kwenda pamoja.

Mambo mengine ya kuwaambia:

Aliyekuja amechelewa, hata wiki au miezi, bado anaanzishwa mradi hana dalili. Usimrudishe nyumbani.

Aliyeruka dozi anaendelea alipoishia, haanzi upya. Kituo kikiishiwa chapa aliyoanza nayo, anaendelea na nyingine.

Aliyewahi kukamilisha chanjo huko nyuma hahitaji seramu kabisa, na anachomwa mililita 0.1 sehemu moja siku ya 0 na siku ya 3 tu. Ndiyo maana kadi ile itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kichupa cha kuchoma ndani ya ngozi kikishachanganywa kinakaa nyuzi joto 2 hadi 8 na kinatupwa baada ya saa 6 hadi 8. Kichupa cha mililita 0.5 kinatosha wagonjwa 2 kwa siku, na kidogo kinabaki. Kwa hiyo watu 2 wa kijiji kimoja waliong'atwa na mbwa mmoja wasafiri pamoja, siku moja. Wanaokoa dawa na nauli ya bodaboda.

---

AfisaMifugo_Kusini

Naomba nami niingie, maana nusu ya uamuzi wa daktari inatoka kwa mnyama.

Msimuue mbwa kama mnaweza kumfunga bila kujihatarisha. Mnyororo, kivuli, maji na ugali, siku 10. Mbwa na paka hutoa kirusi kwenye mate siku chache tu kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo akifika siku ya 10 yuko mzima, hakuwa na kirusi mateni siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha chanjo. Huku mnamtazama mbwa, chanjo ya mtu inaendelea. Hatusubiri siku ya 10 ndipo aanze. Mbwa akibadilika (anang'ata vijiti na mawe, mate yanamtoka, sauti imekauka, taya limelegea, amekuwa mpole ghafla na kujificha), toeni taarifa siku hiyohiyo. Kichaa cha kupooza kinawadanganya wengi kwa kuwa mbwa hana ukali wowote.

Kanuni ya siku 10 ni ya mbwa na paka peke yao. Kwa mbweha haihusiki, na kwa Lindi na Mtwara hili nalisisitiza, kwa sababu huku kwetu mbweha wana nafasi kubwa katika kusambaza kichaa. Mbweha aliyeingia kijijini mchana na kuparamia watu ahesabiwe ana kichaa hadi maabara iseme vingine. Aliyeng'atwa naye apelekwe moja kwa moja kwenye chanjo na seramu.

Mnyama akifa au akiuawa, msimpige kichwani wala msimchome moto. Ubongo ndio sampuli. Usimguse kwa mikono mitupu, funika, mpigie afisa mifugo wa kata; maabara ya mifugo ya Serikali ina kituo Mtwara mjini. Mbuzi au ng'ombe aliyeng'atwa na kuanza kuugua asichinjwe wala asiliwe. Anayechuna kichwa ndiye aliye hatarini zaidi.

Na nyumba yenye mbwa ichanje mbwa. Kijiji kikichanja mbwa 70 kati ya kila 100 kila mwaka, kichaa kinakosa pa kupita. Walete hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3; kuwarudisha "mpaka wakue" ndiko kunakoacha kundi kubwa bila kinga, na hao ndio mbwa ambao watoto hucheza nao.

---

MhudumuNachingwea

Nawashukuru sana, dada muuguzi na ndugu wote. Limebaki moja ambalo najua kina mama wataliuliza. Mtoto wa miezi 17 akichomwa seramu, je, chanjo yake ya surua-rubela ya miezi 18 inaendelea kama kawaida? Na kuna mama mjamzito aliyepimwa akakutwa na homa ya ini B, aliambiwa mtoto atachomwa sindano 2 akizaliwa. Ni jambo lilelile la kuazima?

---

Muuguzi_PwaniKusini

Ni lilelile, mkuu, na umeuliza vizuri.

Seramu ya binadamu hutoka kwenye damu ya watu wengi ambao wana kingamwili za surua pia. Chanjo ya surua-rubela ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinatakiwa kizaliane kidogo mwilini ili mwili ujifunze. Kingamwili za kuazima zikikikuta, zinakimaliza kabla ya somo kuanza. Kwa seramu ya kichaa ya binadamu, yuniti 20 kwa kilo, pendekezo la kawaida ni kusubiri miezi 4. Kwa hiyo huyo wa miezi 17 atapata dozi yake ya pili akiwa na miezi 21 hivi. Andikeni kwenye kadi ya kliniki jina la seramu, ilikuwa ya binadamu au ya farasi, tarehe, na tarehe mpya ya surua-rubela. Bila hivyo mchanjaji wa mwezi ujao atachoma bila kujua, au mama atadhani amekosa na kuacha kabisa. Kama surua-rubela ilichomwa kwanza na seramu ikafuata ndani ya siku 14, dozi hiyo irudiwe muda huo ukiisha. Na surua ikilipuka kijijini kabla miezi 4 haijatimia, mpelekeni kwa mratibu wa chanjo wa wilaya aamue. Pentavalenti (chanjo moja ya magonjwa matano), matone ya polio na chanjo ya rota havizuiwi na seramu.

Ni sababu ileile inayofanya dozi ya kwanza ya surua-rubela isubiri miezi 9. Mtoto anazaliwa na kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo. Hizo nazo ni kinga ya kupewa, zinamlinda miezi ya mwanzo, na zinapungua kadiri siku zinavyokwenda.

Homa ya ini B: mtoto anachomwa imunoglobulini ya homa ya ini B mililita 0.5 kwenye paja moja ndani ya saa 12 tangu kuzaliwa, na chanjo kwenye paja lingine ndani ya saa 24. Kisha pentavalenti za wiki ya 6, 10 na 14 kama watoto wote, kwani ndani yake mna chanjo hiyo. Imunoglobulini ikikosekana, chanjo ya mapema baada ya kuzaliwa bado inapunguza sana maambukizi. Mama huyo ajifungulie hospitali, na aulize kabla ya uchungu kama dawa zote 2 zipo, si baada. Anaweza kunyonyesha.

---

KijanaWaTandahimba

Kuhusu kuosha: mmesema kuosha lakini hamkutaja muda. Ni dakika 15, sabuni na maji yanayotiririka, na huku juu Tandahimba na Newala maji ni shida kweli. Mtu aliye shambani ana dumu moja la kunywa. Wataosha nusu dakika na kuona wamemaliza.

---

Muuguzi_PwaniKusini

Umenikumbusha la muhimu kuliko yote niliyoandika, kaka. Tengenezeni kibuyu chirizi: dumu la lita 5, tundu dogo la msumari karibu na kitako, mfuniko ulegezwe kidogo ili hewa iingie. Tundu likitoa kama lita 1 kwa dakika, dakika 15 ni lita 15, yaani madumu 3, na tundu dogo zaidi linapunguza. Maji ya kisima yanatosha, hayahitaji kuchemshwa. Sabuni ya mche au ya unga, vyote sawa, kwa kuwa sabuni inavunja utando wa mafuta unaokifunika kirusi. Povu liingie mpaka ndani ya tundu la jino, si juu ya ngozi tu. Halafu spiriti au povidoni ayodini kama ipo.

Kama maji ni lita 3 tu, paka sabuni nyingi, iache ikae na povu lake, suuza kidogo kidogo kwa mchirizi mwembamba huku mtu mwingine akifuata maji, na ukifika zahanati waoshe upya dakika 15 kamili. Kuosha kwa kuchelewa kuna faida bado.

Wasipake pilipili, mafuta ya taa, tumbaku, kinyesi cha ng'ombe, wala jiwe la nyoka. Vinachubua jeraha na vinakula muda. Aliyekwisha kupaka asigombezwe, aoshwe, apelekwe.

---

MhudumuNachingwea

Basi somo nitalianzia na dumu la tundu, wajaribu wenyewe kwa saa mkononi. Afisa mifugo, kama uko upande huu wa Ruangwa na Nachingwea, naomba uniandikie kwa faragha. Nataka siku hiyo tupange pia tarehe ya kuchanja mbwa wa kata hizi kabla ya Septemba 28.